Runinga ya Chumba cha Nyuma

Sikustaafu kwa sherehe. Hakuna aliyenipa mbuzi wala kunivika kitenge begani. Magoti yalikataa ngazi, basi. Nilipanda paa la nyumba ya wageni pale Kasulu, karibu na stendi, nikafika juu vizuri, kushuka kukanishinda. Watu wakakusanyika chini wakinishauri pa kuweka mguu, kana kwamba wao hushuka mapaa kila siku. Nilipogusa ardhi nikampa mwenye nyumba namba ya fundi mwingine, na tangu hapo nimekaa.

Ninyi mliobaki na kazi mmeniomba niwaandikie. Nadhani mlitaka maelezo ya kutafuta satelaiti, ila hilo mnaamini mnalijua tayari, kwa sababu simu zenu zina programu inayochora mshale. Mtu anasimama juu ya bati, simu mkononi, anafuata mshale, halafu anashangaa mshale umeelekea Kigoma mjini, ukarudi, ukaelekea chooni. Bati ni chuma, wanangu. Dira ya simu juu ya bati inasema uongo, na ninyi mnauamini kwa sababu una rangi nzuri.

Mimi nilianzia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwenye karakana ya shirika moja la misaada. Niliajiriwa kufagia na kuchaji betri za redio za mkononi. Siku ya kwanza mkuu wa karakana aliniambia nisiguse kitu chochote chenye waya, na karakana nzima ilikuwa waya. Kwa hiyo nilisimama katikati na fagio langu hadi jioni. Aliyenitoa pale ni Kabeya, Mkongomani wa Uvira, ambaye kwao alikuwa fundi wa mitambo ya televisheni kabla vita havijamfukuza. Pale kambini alipewa kazi ya kutunza madishi ya ofisi. Alihitaji mtu wa kushika ngazi, wanaume waliokuwepo walikuwa na mambo mengi ya kuzungumza, akanichukua mimi.

Kabeya alikuwa na ukali wa ajabu juu ya nguzo. Yeye aliita poto, na dishi aliliita parabole.

"Mama Skola, poto kwanza," alikuwa akisema. "Poto ikiwa ya kupinda, na parabole itakuwa ya kupinda, na weye utalia."

Hakuwa na pima maji. Alikuwa na chupa ya plastiki yenye maji nusu na nati iliyofungwa kwenye uzi. Uzi ulionyesha kama nguzo imesimama wima, chupa ilionyesha kama msingi umelala sawa. Kwa vitu hivyo viwili alisimamisha madishi ambayo upepo wa milima hii haujayatikisa mpaka leo. Alinifundisha pia kutoboa tundu dogo chini ya dishi. Huku kwetu satelaiti nyingi ziko karibu na utosi, kwa hiyo dishi linaangalia juu kama bakuli, mvua ikinyesha linajaa, kuku wanakunywa, na mwenye nyumba anaita fundi kulalamika kuwa picha imekufa. Tundu moja tu. Nimepanda mapaa mengi ya watu waliojiita mafundi na nikakuta madimbwi.

Kabeya alipopata safari ya kuhamishiwa nchi ya mbali, aliniachia kipimo chake cha mshale, kile cha kufunga kwenye waya wa dishi. Aliniachia na onyo: mteja akikuuliza swali ukiwa juu ya paa, usijibu, shuka kwanza. Nililiona ni neno la kawaida. Miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa kuwa mteja akiwa chini huwa anauliza kitu kimoja na akiwa mbele yako anauliza kingine.

Nikafungua kibanda Kasulu. Sitawaeleza nilipataje mtaji, hayahusu dishi. Nitawaeleza upuuzi wa miaka ile, maana mmeurithi. King'amuzi kilikuwa kimoja, runinga nyingi. Watu waligawa waya kama wanavyogawa bomba la maji, kila chumba kikapata tawi lake. Matokeo yake nyumba nzima ilitazama anachotazama mwenye rimoti. Nyumba za wageni zilikuwa hivyo: mgeni amelala chumbani kwake anafuatilia habari, dada wa mapokezi anabadilisha anaweka tamthilia, mgeni anapiga ukuta. Na mwenye nyumba anajisifu kwamba kila chumba kina runinga.

Kule Nyakitonto mtu mmoja alipanda mikaratusi mbele ya dishi lake. Ikakua, kama miti inavyofanya. Picha ikafifia, akaniita, nikamwonyesha miti. Akasema miti ni yake na satelaiti ni ya wazungu, basi satelaiti ndiyo isogee. Nilikunja ngazi yangu nikaenda zangu. Nasikia bado anasubiri.

Halafu ikaja teknolojia hii mnayoipenda, ya kusambaza dishi kwa mtandao wa kompyuta wa nyumbani. Nitaieleza mara moja, kwa sababu nimesikia mnavyowaeleza wateja na nimeona haya. Kuna kisanduku. Upande mmoja kinapokea waya zinazotoka kwenye dishi. Upande wa pili kinatoa waya wa mtandao, ule wa kompyuta. Runinga yoyote, au simu, ikiungwa kwenye mtandao huo inakiomba kisanduku chaneli inayoitaka, na kisanduku kinaipa kila moja ya kwake. Hakihitaji intaneti hata kidogo. Kinatoa chaneli za bure tu. Zile za kulipia zinabaki ndani ya king'amuzi chenye kadi, na ukitaka picha ya king'amuzi iingie mtandaoni unaongeza kisanduku kingine kidogo, nayo inakuwa kama chaneli moja zaidi: wote wakiichagua wanaona kile ambacho king'amuzi kinaonyesha wakati ule. Mkilielewa hili, mtaelewa yaliyotokea Kibondo.

Mzee Gervas alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharage pale Kibondo. Alijenga nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma, akaenda Dar es Salaam kwa shughuli zake, akaona nyumba ya tajiri mmoja yenye matundu ya mtandao ukutani. Aliporudi akaamuru na yeye awekewe. Nilipofika mara ya kwanza nilikuta kila chumba kina tundu la mtandao, hata stoo, na nyumba nzima haina kompyuta hata moja. Waya zote zilikusanyika kwenye kabati la ngazini, zikaning'inia kama mizizi.

"Nataka nitazame mpira sebuleni, chumbani, barazani na kwenye simu," aliniambia. "Bila mawaya."

"Mawaya unayo tayari, Mzee, yamejaa ukutani."

"Nimesema bila mawaya. Siku hizi mambo ni Wai-Fai."

Nikafunga visanduku vyote viwili, tukaanza na hiyo Wai-Fai yake. Kuta za matofali mawili mawili, ruta moja sebuleni, wajukuu na simu zao. Picha ilikuwa inakatika vipande, mchezaji anapiga mpira, anagandishwa na mguu hewani, halafu tunaambiwa ni goli. Mzee alivumilia kipindi kimoja cha mechi kisha akasema niweke waya, kwa sauti ya mtu aliyebuni wazo hilo mwenyewe. Nikafunga swichi ya mtandao kwenye kabati, nikakata waya zile kwa mpangilio, nikavisha vichwa vyake, kila chumba kikaamka.

Mkewe wa pili, aliyemwoa uzeeni, aliitwa Daforoza. Alikuwa mzaliwa wa Burundi, aliyekulia kambini Mtabila. Siku ile ya waya alinifuata jikoni nilipokuwa nakunywa maji, akafunga mlango.

"Mwakeye, Mama Fundi," alinisalimia, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. "Hiki kisanduku kinashika Burundi?"

"Kinashika unachokipa. Burundi iko kwenye satelaiti nyingine. Linahitajika dishi jingine, kubwa."

"Lipo." Akanionyesha dirishani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na dishi la zamani la futi sita, limelala chali, limejaa maharage yanayoanikwa juani.

Akanieleza kwa kifupi, huku akitazama mlango. Dada yake mkubwa, Imakulata, ndiye aliyemlea. Kambi ilipofungwa, Imakulata alipanda gari la kurudi Burundi na Daforoza akabaki, kwa sababu Mzee Gervas alikuwa ameshapeleka posa kwa wazee wa upande wao. Simu ya dada ilipatikana kidogo, kisha haikupatikana tena. Kuna waliosema alivuka kwenda Rwanda, kuna waliosema alikufa. Sasa mwanamke mmoja anayeuza vitenge sokoni alidai amemwona kwenye televisheni ya huko, kwenye kwaya ya misa ya Jumapili.

"Ana uhakika?" nikauliza.

"Hana. Amesema anafanana."

Nilimwendea Mzee Gervas, nikamwambia kisanduku chake kina nafasi ya dishi la pili na dishi analo. Sikumtajia dada wala kwaya. Nilijua kitu kitakachomshawishi.

"Madishi mawili juu ya nyumba moja?" akasema, akatoka nje kulitazama paa lake. "Pale kwa jirani lipo moja tu."

"Moja, na dogo."

"Panda."

Tulihamisha maharage. Kwa uzi na nati nilisimamisha nguzo ndefu kando ya ukuta, ikapita paa, nikaikorogea zege, nikasubiri likauke wakati Mzee ananiuliza kwa nini sifungi tu hapohapo. Nikaipata satelaiti, nikafunga, nikatoboa tundu, nikatia waya wa ardhini kwa ajili ya radi, maana radi ya Kibondo haina adabu. Chumba cha nyuma, ambako Daforoza alikuwa akishonea, kulikuwa na runinga ndogo ya zamani ya watoto. Nikaiunga kwenye tundu la ukutani kwa kidude cha kusoma mtandao. Chaneli ya Burundi ikatokea. Ilikuwa siku ya kazi, mtu alikuwa akieleza habari za kilimo cha viazi kwa Kirundi, na Daforoza alimsikiliza kama vile anataja majina ya ndugu zake.

Nikadhani kazi imeisha. Kabla sijafika stendi Mzee Gervas akanipigia nirudi.

Nilimkuta barazani amekaa peke yake mbele ya runinga kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu aioe nyumba ile, maana alivyoipenda ni kama ameioa, kila mtu alikuwa mahali pake anatazama chake. Mabinti walikuwa na tamthilia yao. Wajukuu walikuwa na katuni. Mama alikuwa na viazi vya Burundi. Yeye alikuwa na rimoti ambayo haimsumbui mtu yeyote.

"Fundi, umeharibu," akasema. "Nataka wote waone ninachoona mimi."

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani."

"Ndivyo nyumba inavyotakiwa iwe. Mtu mmoja anatazama, wengine wanatazama naye. Inawezekana hiyo chaneli ya king'amuzi changu iwe peke yake kila chumba?"

"Inawezekana."

"Basi fanya."

"Sifanyi, Mzee."

Hakuamini. Aliniuliza mara ya pili kama haiwezekani, na ningeweza kumdanganya, angekubali, tungeachana salama. Wengi wenu mngemwambia mashine imekataa. Mimi nilimwambia tena kwamba inawezekana, ni kazi ndogo, na mimi siifanyi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniambia nisambaze dishi. Nimesambaza. Kukusanya tena tafuta mwingine."

"Mwanamke juu ya paa!" akasema akisimama. "Nilijua tu. Mwanamke akishapanda paa hashuki na akili yake."

Nilichukua mfuko wangu. Nilipopita dirisha la chumba cha nyuma nilimwona Daforoza amesimama, cherehani imetulia. Alikuwa amesikia. Njia nzima ya kurudi Kasulu nilijiuliza kama kiburi changu kimemponza, maana ningekubali na kufanya vibaya makusudi, labda angepata japo Jumapili moja.

Mzee Gervas alimwita fundi wa Kakonko anayejiita Dokta Signal. Wengine wenu mnamjua, na wengine, Mungu awasamehe, mnamwiga. Ana miwani ya jua, ana simu mbili, ana kofia yenye jina lake. Niliyoyasikia baadaye ni haya: alifungua kabati la ngazini, akakitazama kisanduku kwa muda mrefu, akasema ni ruta mbovu. Akabonyeza kitufe cha kufuta kila kitu. Nyumba ikazimika. Akasema basi tatizo ni dishi, akapanda na mshale wa simu yake, akalegeza bolti za madishi yote mawili, akayazungusha mpaka mshale ukafurahi. Aliposhuka hakukuwa na mpira, tamthilia, katuni wala viazi. Akaomba ruhusa ya kwenda kuchukua kifaa Kakonko. Hajarudi hadi leo na sidhani kifaa hicho kipo.

Mzee Gervas akanipigia Jumamosi. Alikuwa amealika wafanyabiashara wenzake waje kutazama mpira kesho yake jioni, na alishawaeleza habari za nyumba yenye picha kila chumba.

"Fundi Skola," akaanza, na sauti ilikuwa ya mgonjwa. "Hujambo, mama? Magoti?"

"Yapo."

"Kuna hitilafu ndogo hapa."

"Nimesikia. Nitakuja. Ila ule mtindo wa kila mtu kuchagua chake unabaki."

Nilisikia ng'ombe wa mtu akipita barabarani kwake.

"Unabaki," akasema. "Njoo."

Nilipanda basi mchana uleule, nikalala kwa binamu yangu, na asubuhi ya Jumapili nilikuwa kwenye paa la Mzee Gervas kabla kengele ya kanisa haijalia. Nikaanza na dishi la maharage. Mzee akatoka nje na kanzu yake ya nyumbani akaniona niko upande usio wake.

"Mpira kwanza!" akapaza sauti. "Hilo la Burundi linaweza kusubiri!"

Nikashuka. Nilishuka ngazi yote, taratibu, na magoti yakilalamika, mpaka nikasimama mbele yake.

"Mpira ni saa kumi jioni, Mzee. Misa ni sasa."

"Misa? Nani anataka misa ya Burundi?"

"Muulize mkeo."

Nikapanda tena. Nguzo ilikuwa imesimama vilevile, Dokta hakuwa na nguvu ya kuipinda. Nilisogeza dishi kidogo kidogo huku nikitazama kipimo cha Kabeya, mshale ukainuka, nikakaza bolti kwa zamu, moja huku, moja kule, ili lisihame wakati wa kukaza. Nikashuka kwenye kabati, nikakirudishia kisanduku maelekezo yake, nikaenda chumba cha nyuma. Daforoza alikuwa amevaa nguo ya kanisani, amekaa kwenye kiti cha cherehani. Nikawasha.

Misa ilikuwa imeshaanza. Padri alikuwa akisoma. Kamera ilimtazama padri muda mrefu sana, kisha ikatazama maua, kisha ikatazama wazee wa mbele waliovaa makoti. Mimi nilijifanya nakagua waya ukutani. Waya haukuwa na tatizo lolote.

Kwaya ikasimama. Walikuwa na sare za bluu, wengi, na kamera ikawapita kuanzia kushoto. Daforoza akainuka, akasogea mpaka uso wake ukakaribia kioo. Wanawake wa mstari wa mbele wakapita. Wa pili wakapita. Nikaona mabega yake yakianza kushuka. Kisha kamera ikarudi kwa mwimbaji mmoja aliyetoka nje ya safu akaanzisha wimbo peke yake, mwanamke mwembamba, mwenye mvi pembeni, mkono mmoja umebana kifuani.

"Ni we," Daforoza akasema kwa lugha ya kwao, yaani ni yeye. Kisha kwa sauti kubwa: "Ni we, yemwe! Anashika kifua hivyohivyo! Alikuwa akishika hivyo Mtabila, tukimcheka!"

Akaanza kuimba naye. Hakuwa na sauti nzuri na alikuwa analia, wimbo ukawa unakatika na kuunganika. Mabinti wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Nyuma yao akaja Mzee Gervas, na nikajiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alisimama mlangoni akimtazama mkewe kwanza, ndipo akaitazama runinga ile ndogo. Alioa kwa kupeleka wazee, Mtabila hakuwahi kukanyaga, na shemeji yake hakumjua kwa sura.

"Yupi?" akauliza.

Daforoza akanyoosha kidole, lakini kamera ilikuwa imesharudi kwa padri.

"Yupi, mama?" akauliza tena, taratibu.

"Kaa," Daforoza akamwambia bila kugeuka. "Wataimba tena."

Mzee Gervas akatafuta pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja tu mle ndani, cha cherehani, akakivuta karibu na kioo, akakaa.